Mwalimu mkuu naye amweleze nani?

*Swali: "Nilifundisha shule hii ya msingi miaka tisa, na Februari nikateuliwa kuwa mwalimu mkuu hapa hapa. Tuna wanafunzi 1,140 na walimu 14. Siku hizi nikiingia ofisi ya walimu mazungumzo yanakatika. Usiku nafika saa saba macho makavu, nahesabu ya kesho. Mume wangu hunisikiliza, lakini juzi kaniambia, 'Mama, hii shule umeihamishia kitandani.' Kata yetu ina kundi la WhatsApp la walimu wakuu. Afisa Elimu Kata yumo, na humo ni matangazo na 'nimepokea' tu. Mwenzangu wa kata ya jirani anashauri tuwe na kikundi kidogo cha kukutana. Nasita. Hao ni washindani wangu kwenye matokeo ya darasa la saba, na nikijieleza, maneno hayatafika wilayani? Kukutana kwenyewe kunasaidia kweli, au ni chai na malalamiko?"*

Mwalimu, umeuliza kama kukutana na wenzako kunasaidia na kama ni salama. Kuna swali la tatu ambalo hukuliandika ila linasomeka kwenye hilo neno "nasita": je, mwalimu mkuu anayehitaji wa kumweleza hajashindwa kazi? Nianze nalo. Hujashindwa. Umebadilishiwa kiti, na kiti hiki kila anayekikalia hujikuta peke yake, hasa akikikalia katika shule aliyokuwa akinywa chai na wenzake jana.

Tazama ulivyozungukwa. Chini yako kuna walimu 14 unaowapa ruhusa na kuwapima utendaji wao. Ukimweleza mmoja wao kwamba mwenzake anakusumbua, kabla ya saa nne umeshagawa ofisi mafungu mawili. Juu yako yupo Afisa Elimu Kata, na juu yake wilaya. Hata wawe watu wema, ndio wanaopima kazi yako, kwa hiyo tatizo huwafikia likiwa limeshaogeshwa na kupakwa mafuta. Nyumbani yupo mume anayekupenda, lakini haijui kazi, na mengine huna ruhusa ya kumweleza: habari za mtoto wa watu, faili la mtumishi. Hata jumuiya ya kujifunza ya walimu wako chini ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), ambako wao hukaa na kusaidiana kuhusu mada ngumu, wewe umo kama msimamizi. Wanaoijua kazi yako bila kuwa juu yako wala chini yako ni walimu wakuu wengine, basi.

Kuhusu mazungumzo yanayokatika ukiingia, usiyapiganie. Kaa nao chai dakika kumi, kisha toka uwaachie nafasi ya kukusema. Watu wanaoongozwa wanahitaji nafasi hiyo, na wewe ulipokuwa mwalimu wa kawaida uliitumia.

Sasa, kukutana kunasaidiaje? Msaada wa mwenzako una sura nne, na inafaa uzijue, kwa sababu vikundi vingi hutoa moja tu na kuona vimemaliza. Kwanza ni kusikilizwa na mtu asiyeshtuka. Pili ni taarifa: FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, umekataa kufunga mwezi, NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, inadai kitu usichokielewa, na mwenzako alikwama hapo hapo wiki iliyopita. Tatu ni msaada wa mkono: anakupa nakala ya barua aliyoandika, ratiba ya zamu, daftari la stoo lilivyopangwa. Nne ndiyo adimu, nayo ni kipimo. Huwezi kujua kama mahudhurio yako ya Ijumaa ni mabaya au ndiyo ya eneo zima mpaka uone ya wengine. Mwalimu mkuu aliye peke yake hujipima kwa kipimo kimoja tu, cha jinsi anavyodhani wenzake wanafanya, na kila siku hujiona amepungukiwa.

Kuna jambo jingine linalohusu hiyo saa saba ya usiku. Tatizo likizunguka kichwani halina mwanzo wala mwisho: mzazi aliyekufokea anaungana na choo kilichojaa, choo kinaungana na ukaguzi. Ukilazimika kumweleza mtu asiyekuwepo, lazima ulipange. Nini kilitokea, lini, nani alisema nini. Katika kulipanga unagundua kwamba robo ni tukio na robo tatu ni hofu yako. Kazi hiyo huwezi kumkabidhi mume kila usiku, kwa sababu yeye akisikia jambo linakuumiza anataka likome. Mwalimu mkuu mwenzako atakuuliza, "Uliitisha kamati ya shule kabla au baada?" Swali moja la mtu anayeijua kazi linaweza kukutoa ulipokuwa umenasa.

Hilo la maswali lina historia yake. Miaka ya 1940, Mwingereza Reg Revans, akiwa na Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe ya nchi yake, aliwahimiza mameneja wa migodi wakutane vikundi vidogo na kusaidiana matatizo yao halisi. Hoja yake ilikuwa kwamba meneja hujifunza zaidi akiulizwa vizuri na mwenzake mwenye matatizo kama yake kuliko akihubiriwa na mtaalamu. Namna hiyo ya kufanya kazi imeenea hospitalini, viwandani na shuleni, na ndiyo nitakayokuonyesha hapa chini.

Kabla ya hapo, ushindani. Ni kweli upo. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, lakini kwenye vikao vya kata na wilaya shule bado zinapangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na wa mwisho husimamishwa ajieleze. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mtu mnayegombea nafasi atakueleza udhaifu wake wote. Dawa ni rahisi: tafuta wenzako nje ya kata yako. Mkiwa mmoja mmoja kutoka kata nne au tano, hakuna anayepandia mgongo wa mwingine kwenye kikao cha kata. Huyo jirani aliyekushauri anafaa kuwa wa kwanza.

Njia nyingine zipo, nazo zina kazi zake. TAPSHA, umoja wa walimu wakuu wa shule za msingi, ni sauti ya wengi. Inafaa kwa kudai na kushauriana mambo ya jumla, lakini ukumbi wa watu mia mbili si mahali pa kusema "namwogopa mwalimu wangu wa taaluma". Mafunzo ya ADEM (Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu), ya Bagamoyo au kwingineko, yatakupa elimu ya uongozi, nawe ukipata nafasi nenda. Yakiisha utarudi shuleni peke yako, ila chukua namba za simu za wawili watatu mliokaa meza moja. Mzoefu mmoja, tuseme mwalimu mkuu mstaafu, ni hazina kwa mambo ya nidhamu na wazazi, ila mifumo ya leo ya kompyuta huenda hakuikuta. Na kama nauli au umbali ni kikwazo kikubwa, anza na mtu mmoja tu na simu ya dakika thelathini kila wiki mbili, siku na saa ile ile. Wawili waliodumu wana faida kuliko sita waliokutana mara moja wakapiga picha.

Kwa hali yako ningechagua kikundi cha watu watano. Wakiwa watatu, mmoja akiugua kikao kimekufa. Wakifika wanane, wawili watasema na sita watasikiliza. Tafuta angalau mmoja mwenye miaka mitano au zaidi kazini, na angalau mmoja mpya kama wewe, kwa sababu mpya huuliza mambo ambayo wazoefu wameacha kuyaona. Shule zifanane kidogo: mwenye wanafunzi 200 na mwenye 1,140 wana kazi mbili tofauti zenye jina moja. Asiwemo ndugu yako, wala mtu anayejulikana kuwa sikio la ofisi. Afisa Elimu Kata asiwe mwanachama, lakini aambiwe. Hili usiliruke. Walimu wakuu watano wakionekana wamekaa faragha Jumamosi bila taarifa, kufikia Jumatatu imekuwa kikao cha majungu. Kila mmoja amwambie wa kwake kwa sentensi moja: "Tutakutana mara moja kwa mwezi, walimu wakuu watano, kusaidiana mambo ya kazi." Huombi kibali cha kuwa na marafiki. Unaondoa kiza tu.

Mkutane mara moja kwa mwezi, kwa muda wa saa mbili, siku isiyogusa vipindi. Jumamosi asubuhi huwafaa wengi, lakini uliza kwanza kama kuna Msabato, naye aulizwe siku inayomfaa. Epukeni wiki ya kufunga mahesabu ya mwezi, wiki za mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba na zile za upimaji wa darasa la nne. Zungukeni shule kwa shule, na nusu saa ya kwanza mtembezwe na mwenyeji. Hapo ndipo mtapata vitu visivyosemwa mezani. Angalia ubao wa matangazo: mapato na matumizi yamebandikwa, na kwa lugha gani mzazi anaweza kuyaelewa? Angalia foleni ya maji, daftari la mahudhurio ya walimu lilipowekwa, chaki zinavyotolewa stoo. Utarudi na jambo moja la kuiga na jambo moja la kushukuru kwamba kwako halipo.

Neno kuhusu chakula, maana vikundi hufia hapo. Mwenyeji wa kwanza atatoa chai na maandazi, wa pili atapika pilau, wa tatu atatafuta mbuzi, na wa nne ataomba udhuru. Wekeni sheria mapema: chai na kitafunwa kimoja, mwisho. Na msichanganye kikundi hiki na upatu au VICOBA. Siku mmoja akichelewesha mchango, hatakuja tena kusema matatizo ya shule yake mbele ya watu anaowadai au wanaomdai.

Baada ya kutembea, kaeni. Dakika kumi za kwanza kila mmoja aseme alichoahidi mwezi uliopita na kama alikifanya. Halafu chukueni tatizo moja la mtu mmoja, mlitengee dakika 40, na mtu mmoja ashike saa kwenye simu. Mwenye tatizo anaeleza dakika saba bila kukatizwa. Dakika 15 zinazofuata ni za maswali peke yake. Ushauri umepigwa marufuku, pamoja na ule uliovishwa kanzu ya swali: "Kwa nini usimwandikie barua ya onyo?" Dakika kumi baadaye wengine wanajadili wao kwa wao, mwenye tatizo akiwa kimya, anaandika. Dakika nane za mwisho anasema atafanya nini, na lini. Wakati ukibaki, ingieni kwenye yale ya haraka: fomu, mifumo, fundi mzuri wa madawati.

Sheria ya maswali kwanza huwaudhi walimu wakuu, watu waliozoea kuwa na jibu. Chukua mfano huu uone inafanya nini. Mmoja wenu analeta tatizo la mwalimu wa darasa la tatu anayechelewa kila Alhamisi, kipindi cha kwanza kinapotea. Mkianza na ushauri, dakika ya pili mmeshaandika barua ya onyo, na dakika ya tano mnasimuliana walimu wabaya mliowahi kuwa nao. Mkianza na maswali, mmoja atauliza: ni Alhamisi tu? Ndiyo. Anaishi wapi? Kilomita tisa. Anakuja na nini? Daladala. Alhamisi kuna nini barabara ile? Kimya kidogo, halafu mwenye tatizo anakumbuka: ni siku ya gulio, na daladala zote za alfajiri zimekodiwa na wenye mizigo. Bado ana kazi ya kumwita mwalimu na kuzungumza naye, na pengine mwalimu alipaswa kusema mwenyewe. Lakini kuhamisha kipindi kimoja cha Alhamisi kwenye ratiba ni kazi ya dakika tano. Barua ya onyo ingemtia doa kwenye faili na gulio lingebaki pale pale.

Tuje kwenye siri, kwa sababu hofu yako ya maneno kufika wilayani ina msingi. Usimtaje mwalimu wala mwanafunzi kwa jina. Sema "mwalimu wa darasa la tatu", na mkiona hata hivyo anajulikana, badilisha darasa. Msiandike kumbukumbu za matatizo. Kilichoandikwa kibaki tarehe, waliohudhuria na ahadi. Simu ziwe mbali isipokuwa ile ya saa. Mkiwa na kundi la WhatsApp la watano, liwe la maswali mafupi yenye sura moja: nimekwama wapi, nimejaribu nini, nahitaji jibu lini. Faili la mtumishi, picha ya mtoto au karatasi ya mtihani visiguse kundi hilo hata kwa dakika moja. Na mwanzoni usimwage yote. Kikao cha kwanza peleka tatizo la ukubwa wa kati, ambalo likivuja litakuudhi bila kukuumiza. Ukiona limebaki ndani kwa mwezi mzima, cha pili nenda na kubwa zaidi. Uaminifu hupimwa hivyo, kwa sahani ndogo kabla ya sinia.

Hata hivyo siri ina mipaka, na mipaka hiyo itamkwe siku ya kwanza ili asijetokea mtu akasema amesalitiwa. Mtoto anayeumizwa, kubakwa au kutumiwa kingono na yeyote, awe mwalimu, mzazi au jirani, si mada ya kikundi. Hilo ni la Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na ofisi ya Ustawi wa Jamii, siku hiyo hiyo, na simu ya huduma kwa mtoto ni 116 bila malipo. Fedha za umma zilizoibwa nazo si siri ya wenzako.

Hapo kuna hatari nyingine, na watetezi wa vikundi hivi huipita kimya. Kikundi kinaweza kufundishana ubaya kwa ufanisi ule ule kinaofundishana mema. Watano wakikaa, mmoja akaeleza namna anavyopanga risiti baada ya kununua, mwingine namna anavyojaza mahudhurio ya chakula, kufikia mwezi wa tatu njia ya mkato imekuwa "ndivyo tunavyofanya sote". Mkaguzi akija, "sote" haitakuwa saini kwenye hati, saini itakuwa yako. Kwa mambo ya fedha, ushauri wa mwenzako utumie kujua pa kuuliza, kisha muulize mhasibu wa halmashauri. Ukiandikiwa hoja ya ukaguzi, au ukiingia kwenye shauri la nidhamu linalokwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, nenda kwa ofisi husika na kwa chama chako cha walimu ukiwa na nyaraka mkononi. Kikundi kitakushika mkono, hakitakutetea.

Malalamiko nayo, uliyataja. Kulalamika kidogo ni kawaida, tena kunapunguza mzigo. Tatizo ni kulalamika kwa mzunguko, jambo lile lile la uhaba wa walimu kila mwezi, kila mtu akiongeza lake. Mnatoka hapo mkiwa wazito kuliko mlivyoingia, na mnaita hilo mshikamano. Tengeni dakika kumi za manung'uniko mwanzoni kabisa, kabla ya zile za ahadi, mshika saa akigonga meza yameisha. Kipeni pia kikundi umri: vikao sita, kisha mjiulize kama mnaendelea. Mtu akijua kuna mlango wa kutokea, anakaa vizuri zaidi.

Dalili kwamba kinakusaidia zitaonekana nje ya kikao. Utaanza kuuliza kabla jambo halijaharibika. Barua iliyokuwa ikikuchukua jioni nzima itakuchukua nusu saa. Ukiona vikao vitatu vimepita na watu wanaleta matatizo yaliyokwisha tu, yenye ushindi mwishoni, kikundi kimegeuka jukwaa. Mficha uchi hazai, na mtu wa kulivunja jukwaa hilo huenda ni wewe, kwa kuleta tatizo ambalo hujui litaishaje.

Sasa usingizi. Umesema unafika saa saba usiku. Kikundi hakitibu kila kitu. Kama hali hiyo inatokea karibu kila usiku kwa wiki mbili au zaidi, au umepoteza hamu ya chakula, moyo unakwenda mbio, unalia bila kujua kwa nini, au umeanza kutafuta pombe ili ulale, nenda kituo cha afya, umweleze mganga kama ulivyonieleza mimi. Upimwe na shinikizo la damu, maana mara nyingine linajificha chini ya "mawazo ya kazi". Akiona inafaa atakupeleka kwa wahudumu wa afya ya akili hospitali ya wilaya. Na mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia, hata kama ni ya kupita, usisubiri kikao wala Jumatatu: mwambie mumeo usiku huo huo, nendeni hospitali pamoja.

Mengine yote yanaanza na ujumbe mmoja kwa huyo mwenzako wa kata ya jirani. Hauhitaji kuwa mrefu: "Mwalimu, habari za jioni. Nimelifikiria lile wazo lako. Tutafute wengine watatu, kila mmoja kata yake. Mwenyeji wa kwanza ni mimi, chai na maandazi tu. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Nina jambo moja la kuwauliza."